Fungueni kufuli kwanza: barua ya wazi kuhusu ubao janja

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Ndugu Afisa Elimu Sekondari, na Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri yetu,

 

YAH: UBAO JANJA ULIOMO NDANI YA KABATI LA CHUMA, NA MBAO SITA MNAZOTAKA KUNUNUA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizipitisha kwa mkuu wa shule kama utaratibu wa utumishi unavyotaka, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, zikaishia kwenye mhuri. Hii naiandika hadharani kwa sababu mwezi uliopita ilisomwa barazani bajeti ya mwaka ujao wa fedha, na ndani yake mmetenga fungu la mbao janja sita kwa shule nyingine sita za kata. Makofi yalipigwa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye viti vya wananchi, na sikupiga.

Msiniweke kwenye kundi la wazee wa chaki wanaoona kila chenye waya ni uchawi. Shule ya msingi niliyosoma, Ijumaa mchana tulikuwa tunatumwa mkaa na majani mabichi, tunaponda, tunausugua ubao mpaka unarudi weusi wake, na jioni narudi nyumbani mikono kama fundi wa gereji. Sina sababu ya kuitamani hali hiyo. Ubao janja nimeufundishia na nimeuona ukifanya kazi ambayo chaki yangu haiwezi. Ndiyo maana nina hasira. Hasira za mtu ambaye hajaonja ni nyepesi kuliko hizi.

1. Ubao wenu mmeufunga juu ya ubao wetu.

Kidato cha Tatu B wana ubao wa saruji wa mita nne, umepakwa rangi nyeusi, hauna neno. Fundi aliyetumwa Septemba 2023 alipima katikati ya ubao huo, akatoboa, akatundika skrini ya inchi 65, kisha akaizungushia kabati la chuma lenye milango miwili. Ubao wa chaki ukabaki vipande viwili. Kimoja kiko kushoto, upande wa madirisha, ambako jua la asubuhi likipiga, maandishi hayasomeki. Kingine kiko kulia, nyuma ya mlango. Nikianza swali refu la aljebra kushoto, katikati ya hesabu nalivuka kabati kama mtu anayeruka mtaro, namalizia kulia. Watoto wameshazoea. Nilipokuwa nasahihisha madaftari nikakuta wawili wanaacha nafasi tupu katikati ya kila swali. Walidhani ndiyo kanuni.

Inchi 65 dukani ni kubwa. Darasani ni upana wa sentimita 144 na kimo cha sentimita 81, mbele ya watoto 62, na dawati la mwisho limegusa ukuta wa nyuma. Halafu kuna jambo ambalo aliyeandika vipimo vya zabuni hakulifikiria kwa sababu hafundishi: vitabu havitoshi, kwa hiyo mwanafunzi hunakili kutoka ubaoni. Nilichoandika dakika ya tano bado kipo dakika ya thelathini na tano, na yule anayeandika polepole anakikuta. Kwenye skrini, ukurasa ukishafunuliwa, umekwenda. Skrini ilitakiwa iwe kando ya ubao. Ikawekwa juu yake, na mtoto mwenye mkono mzito ndiye anayelipa.

2. Kufuli.

Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, mgeni rasmi akagusa skrini kwa kidole na watu wakashangilia. Tangu siku hiyo, kwa mujibu wa shajara yangu ya kazi, kabati limefunguliwa kwa vipindi 17 vya kufundisha. Mara nyingine limefunguliwa kwa ajili ya wageni. Utando wa plastiki uliotoka nao kiwandani bado umeng'ang'ania kona ya chini, maana hakuna aliyethubutu kuubandua.

Simlaumu mkuu wa shule. Shule haina uzio, mlinzi ni mmoja na tochi yake. Kifaa kimeandikwa kwenye leja kwa jina lake, na aliambiwa mbele yetu sote kwamba kikipotea au kikiharibika atajibu yeye. Mtu mwenye akili timamu ukimwambia hivyo atafanya nini? Mimi ningefunga kufuli mbili. Masharti mliyoyaweka yanaadhibu matumizi na hayaulizi kitu kuhusu kutotumia. Skrini ikipasuka kuna barua ya maelezo. Ikilala miaka miwili gizani, hakuna hata simu.

3. Siku niliyoiona ikifanya kazi.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu haya ndiyo hayakuandikwa kwenye taarifa yoyote.

Ilikuwa kipindi cha tatu, mada ya duara. Wanaojua Hisabati ya Kidato cha Tatu wanaijua ile sheria: chukua nukta A na B kwenye duara, kisha weka nukta ya tatu, C, popote kwenye ukingo wa upande uleule, pembe utakayoipata pale C haibadiliki. Miaka 19 nimeichora kwa chaki. Nachora duara kwa kamba, linatoka yai, napima kwa protrakta la mbao, napata 41, mara 43, halafu nawaambia watoto "tuseme ni sawa". Wanaandika "ni sawa" kwa sababu nimesema mimi.

Siku hiyo niliifungua GeoGebra, programu ya bure ambayo Markus Hohenwarter alianza kuitengeneza mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na ambayo ukishaiweka haihitaji intaneti. Nikachora duara, A, B na C. Namba ikasoma 42. Nikamwita binti mmoja wa dawati la nyuma ambaye kwa muhula mzima sikuwa nimesikia sauti yake zaidi ya "nipo, mwalimu". Nikamwambia aiburute C. Akaigusa kwa woga, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto. Akaivuta taratibu. 42. Akaivuta tena. 42. Darasa likaanza kucheka kila namba inapogoma kubadilika. Akapata ujasiri, akaizungusha kwa kasi, C ikapita B ikaingia upande wa pili, na namba ikaruka: 138.

Kicheko kikakatika. Akageuka akaniuliza, kwa Kiswahili ingawa somo hufundishwa kwa Kiingereza, "Mbona imeruka, mwalimu?"

Sikumjibu. Nililiandika swali lake kwa chaki kwenye kile kipande cha kulia. Na hapohapo, Waheshimiwa, umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi. Lakini swali lilikuwa ubaoni, na watoto wakaendelea nalo kwa penseli. Kijana mmoja akajumlisha 42 na 138 akapata 180, akapiga meza. Dakika kumi za skrini na dakika thelathini za madaftari. Tangu nianze kazi sijawahi kuwa na kipindi cha duara kama hicho. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2023 na ya 2024 yameonyesha kwamba ni karibu robo tu ya watahiniwa nchini waliofaulu Hisabati. Mtu anayefundisha somo la namna hii, akishaona kipindi kama kile, halafu Jumatatu akakuta kufuli, msimshangae akiandika barua nne.

Angalieni pia nani aliyegusa. Mgeni rasmi aligusa akashangiliwa. Kifaa kilizaa matunda siku alipokigusa mtoto, na pale alipokosea njia ndipo somo lilipoanza.

4. Semina ya siku mbili.

Kampuni iliyouza ilileta kijana hodari aliyetufundisha namna ya kuwasha, kuzima na kubadilisha rangi ya kalamu. Semina ilikuwa ya walimu wawili. Mmoja ameomba uhamisho kumfuata mwenzi wake, ameondoka, na nywila ya akaunti ya kifaa ameondoka nayo kichwani. Wa pili ni mimi.

Linganisheni na vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, ambavyo baadaye walimu tuligawiwa. Semina yake sikumbuki hata kama ilikuwepo. Lakini leo walimu wenzangu, wakiwemo wanaokaribia kustaafu, wanavitumia kuandaa maandalio ya somo na kusoma vitabu. Sababu ni kwamba kishikwambi kilikwenda nyumbani. Mtu alikosea peke yake, usiku, hakuna mwanafunzi wa kumcheka, akakosea tena mpaka kikamtii. Ubao janja hauna usiku. Mwalimu anakutana nao mara ya kwanza mbele ya watoto 62 na anatakiwa asiaibike. Wengi wanachagua kutoaibika, na siwalaumu hata kidogo.

5. Vumbi la chaki.

Mwaka jana ubao ulianza kujichorea mistari wenyewe. Ukigusa kulia, unaandika kushoto. Tukaambiwa umeharibika, tukae tusubiri fundi. Tulisubiri wiki saba. Alipokuja, nauli na posho yake vilifika shilingi 350,000. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo safari ile ilikula ruzuku ya watoto 14. Fundi alitumia dakika nne. Skrini za aina hii zina taa ndogo zisizoonekana kwa macho kwenye kingo zake. Kidole kikikata miale yake, mashine inajua umegusa wapi. Vumbi la chaki lilikuwa limejaa kwenye ukingo wa chini, likaikata miale, mashine ikadhani kuna vidole. Akapitisha kitambaa kikavu, ikapona.

Kitambaa kikavu. Kiranja wa zamu angeweza kuifanya kazi hiyo kila asubuhi kabla ya mstari, kama kuna mtu angetuambia, na kama kabati lingekuwa wazi.

6. Umeme.

Hili nililiweka kwenye barua yangu ya kwanza kama lalamiko, sasa nalifuta nusu. Nimepiga hesabu. Kijitabu cha kifaa kinasema wati 250. Kikiwaka saa sita kwa siku ni uniti moja na nusu, na kwa bei yetu ya LUKU ya kama shilingi 356 kwa uniti, ni shilingi mia tano na thelathini na ushee. Anayewaambia kwamba ubao haufunguliwi kwa sababu unakula umeme hajapiga hesabu. Tatizo letu ni kukatika. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa hatuna hata la kusema. Sasa Bwawa la Julius Nyerere linazalisha na mgao umetuacha, lakini katizo la dakika ishirini bado lipo, na dakika ishirini ni nusu ya kipindi. Betri ya dharura ingetosha. Haikuwemo kwenye zabuni.

7. Yaliyomo ndani yake.

Programu iliyokuja na ubao ilikuwa ya majaribio. Leseni yake imekwisha, na sasa kila ukiifungua, katikati ya skrini linatokea kasha linalodai malipo kwa dola. Hata ilipokuwa hai, ilifundisha kujumlisha kwa peni na pauni, na zoezi la takwimu lilikuwa la siku za theluji kwa mwezi. Mwanafunzi wangu mmoja alijibu swali lile vizuri kabisa akaniuliza theluji inapimwaje, kwa debe?

Wenzetu wa Mexico, walipoanzisha mpango wao wa Enciclomedia mwaka 2004, walikosea mengi na baadaye waliuacha, lakini jambo moja walilipatia: walianzia kwenye vitabu vyao wenyewe vya taifa, vya darasa la tano na la sita, wakavitia kwenye kompyuta, ndipo wakaleta mbao. Sisi vitabu vya kiada tunavyo tayari kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kazi iliyobaki ni flashi moja na alasiri moja.

8. Hatukuwa wa kwanza kudanganyika.

Ubao wa aina hii si mgeni duniani. Kampuni ya SMART ya Calgary, Kanada, ilitoa wake wa kwanza mwaka 1991. Uingereza walizijaza shule zao miaka ya 2000, kwa fedha ambazo halmashauri yetu haiwezi hata kuziota. Mwaka 2007 watafiti wa Institute of Education ya Chuo Kikuu cha London walitoa tathmini ya mradi wa kupeleka mbao hizo shule za sekondari za London, kwenye Hisabati, Sayansi na Kiingereza. Mbao zilikuwa zimeongezeka kweli. Alama za wanafunzi hazikupanda kwa sababu yake katika mwaka wa kwanza wa kuwa na vifaa kamili. Na hao walikuwa na umeme, vitabu, mafundi mlangoni, na hawakufunga kwa kufuli.

Naleta habari hii kwa sababu barazani Mheshimiwa mmoja alisema shule zitakazopata ubao "zitapandisha ufaulu moja kwa moja". Moja kwa moja haipo. Kuna mwalimu anayejua swali la kuuliza, na kuna kifaa kinachomsaidia kuliuliza vizuri zaidi. Ukinunua cha pili ukamsahau wa kwanza, umenunua tivii.

Sasa maombi yangu. Nayaandika ili yaweze kujibiwa kwa ndiyo au hapana.

(a) Kabla ya Juni, kabati liondolewe kwenye ukuta wa Kidato cha Tatu B na skrini ihamishiwe kando, kwenye ukuta wa kulia, ubao wa saruji uzibwe matundu na kupakwa rangi upya. Fundi wa kijijini ataifanya kazi hiyo, na walimu tuko tayari kuchangia rangi.

(b) Mkuu wa shule aandikiwe barua rasmi, yenye saini yako Ndugu Mkurugenzi, kwamba kifaa kikichakaa kwa matumizi ya darasani hatadaiwa. Hili halina gharama hata ya shilingi moja, na ndilo litakalofungua kufuli kuliko jingine lolote hapa.

(c) Ufunguo uwe kwa mwalimu wa taaluma, pamoja na ratiba iliyobandikwa ukutani. Tuna mikondo 11 na wiki ina vipindi 40. Kila mkondo ukipata vipindi vitatu, vinabaki saba. Hivyo saba tupeni walimu tujifungie humo tukosee, na kuanzia saa tisa alasiri mlango uwe wazi kwa anayetaka.

(d) Ununuzi wa mbao sita usimamishwe mpaka huu mmoja utumike mwaka mzima na taarifa yake iandikwe na wanaoutumia. Najua fungu lisipotumika hurudi, na najua hilo ndilo litakalowauma. Basi fedha za mbao tatu kati ya sita zigeuzwe kuwa vitabu vya kiada na seti za vifaa vya jometri. Kuna watoto wangu wanaochora duara kwa kuzungushia kifuniko cha chupa.

(e) Zile zitakazobaki, zabuni itakapopandishwa kwenye mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, vipimo viandikwe pamoja na walimu wawili wa kila shule itakayopokea. Waulizwe ukuta, jua linaingilia wapi, dawati la mwisho liko mbali kiasi gani. Ndani ya bei kuwe na betri ya dharura, udhamini wa miaka mitatu, na mafunzo ya muhula mzima kwa walimu wasiopungua wanane, ili uhamisho wa mmoja usiwe msiba. Programu ya kulipia kila mwaka isiwemo.

(f) Nywila ya ubao wetu itafutwe. Aliyeondoka nayo ni mwalimu mstaarabu, ukimpigia simu atakutajia. Nimempigia mimi akasema anasubiri kuombwa rasmi.

Jina langu na namba yangu ya utumishi mnavyo kwenye zile barua tatu, sijifichi. Wengine wameniambia nitahamishiwa mbali kwa kuandika haya. Nikihamishwa, naomba niende moja ya zile shule sita, ili ubao utakapofika uwe na mtu wa kuupokea.

Jumatano ijayo, kipindi cha tatu, nina Kidato cha Tatu B, na tunarudi kwenye duara kwa ajili ya marudio. Njooni bila kutanguliza taarifa, bila chai kuandaliwa, mkae dawati la nyuma kabisa. Mtakayekaa naye ni yule binti. Ufunguo naomba mje nao nyinyi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati,
Kidato cha Tatu